Treni ya Kwenda Suji

Hapo zamani, si zile za sungura na fisi, ni hizi zetu ambazo mtu anakunywa chai Same leo na keshokutwa yuko upande wa pili wa dunia, palikuwa na fundi seremala jina lake Mndeme. Alikaa Suji, juu kwenye milima ya Upare. Nisikilizeni mpaka mwisho, kwa sababu mwisho nitawauliza jambo, na mimi mwenyewe jibu lake sina.

Mzee Mndeme alifiwa na mkewe watoto wakiwa wadogo, akawalea kwa msumeno na randa. Walikuwa watatu. Mkubwa Mkunde, binti, akawa mwalimu wa sekondari Moshi. Wa pili Nahumu, wa kiume, akafungua duka la vipuri vya magari Dar es Salaam, likashika. Wa mwisho Nakijwa. Huyu alibaki nyumbani, akampikia baba, akamfulia baba, akazeeka naye kidogo kidogo.

Karakana ya mzee ilikuwa na kalenda ya Kijapani ukutani. Mwaka wake ulikuwa umepita siku nyingi, lakini hakuna aliyethubutu kuitoa. Picha yake ilikuwa ya hekalu la mbao limejengwa mlimani, miti imewaka majani mekundu pande zote. Mteja akiingia, mzee anamwonyesha.

"Lile pale liko Kyoto. Nguzo kama zile, jengo zito kama lile, na wanasema halikupigwa msumari. Mimi sitakufa kabla sijalishika."

Watu wanacheka. Mzee hacheki.

Basi mwaka mmoja biashara ya Nahumu ikamnyookea. Akapiga simu nyumbani. "Baba, tunakwenda Kyoto. Wote wanne." Mzee akakaa chini juu ya vumbi la mbao, akalia kama mtoto.

Sasa, kulikuwa na jambo ambalo Nakijwa alilijua peke yake. Mzee alikuwa ameanza kusahau. Kwanza alisahau nyundo ameiweka wapi, na hilo ni la kila fundi. Kisha akatoka shambani akaingia nyumba ya jirani, akavua viatu, akaomba chakula. Kisha jioni moja akamwambia Nakijwa, "Mwite mama yako aje tule." Nakijwa akasimama na sufuria mkononi.

Asubuhi akili za mzee zilirudi, akajua alichosema. Akamshika binti yake mikono.

"Mwanangu, usinitangaze. Ndugu zako wakijua naumwa hawatanipeleka. Nifiche mpaka nirudi, halafu waambie."

Nakijwa akamficha. Mkunde alipopiga simu kuuliza, alijibiwa, "Baba mzima kabisa, ana hamu tu ya safari." Na kadi ya treni walipopewa kule, ile unayoigusisha kwenye lango likafunguka, Nakijwa aliitia kamba akamvisha baba yake shingoni. Ndugu zake wakasema, ona anavyomdekeza.

Kyoto mzee aliishangaa. Mji mkubwa, watu wengi kuliko mnada wowote aliouona, na bado kimya. Ndani ya treni hakuna anayeongea. Vijana wanampita bila shikamoo, naye mwanzoni aliumia, kisha akaamua kuwasalimia yeye. "Hamjambo?" anasema, na wao wanainama kwa adabu, naye anainama. Nahumu akapiga picha mpaka simu ikaisha chaji.

Walipofika kwenye lile hekalu, mzee hakutazama majani mekundu wala mji ulivyotanda kule chini. Aliiendea nguzo, akaikumbatia. Akainusa. Akapitisha kidole kwenye maungio, polepole. "Kweli," akasema. "Walisema kweli." Watoto wake watatu walisimama nyuma yake na kila mmoja akafuta machozi.

Laiti wangeondoka siku ile.

Kesho yake mvua ilinyesha. Baridi ya huko inapenya mpaka kwenye meno. Nahumu alitaka waone mahekalu mengine, kwa sababu safari kama ile hairudiwi. Mchana wakawa kwenye kituo kikuu cha treni, kikubwa kama mji ndani ya mji, watu wanamiminika kutoka kila mlango. Mzee alikuwa amechoka. Akamshika Mkunde mkono wa koti.

"Turudi Suji. Mama yenu anatusubiri, na jua linazama."

Mkunde alidhani anadeka. Viatu vyake vilikuwa vimelowa, usiku hakulala, na jambo hili la kurudi Suji mzee alikuwa amelirudia tangu asubuhi. Na kumtaja mama kulimchoma. Akapaza sauti katikati ya watu wale wasiopaza sauti, akionyesha kwa kidole.

"Baba, tumechoka! Unataka Suji? Treni hizo hapo. Panda uende!"

Watu wakageuka. Mzee akatazama kidole cha binti yake, akatazama kilikoelekea.

Mkunde akaona aibu, akaenda msalani kunawa uso. Nakijwa akamfuata kumtuliza. Kabla hajaondoka alimwambia Nahumu, "Kaa na baba. Usimwache." Nahumu akasema, "Nendeni."

Lakini Nahumu alikuwa ameona duka la zana pale pale kituoni, na dirishani kulikuwa na randa ya Kijapani ya mbao nyeusi, nzuri ajabu. Akaona hii ndiyo nafasi ya kumnunulia baba bila yeye kujua. Akamkalisha kwenye kiti. "Baba, nisubiri hapa, nakuja sasa hivi." Baba, kwa alivyojua yeye, alikuwa mtu mzima mwenye akili zake. Akaingia dukani. Na kule kitu hakitiwi kwenye mfuko tu ukaenda zako. Muuzaji aliifunga kwa karatasi, mkunjo juu ya mkunjo, naye Nahumu akasubiri, akitabasamu.

Alipotoka, kiti kilikuwa kitupu.

Wacha niwaambie kilichotokea, kwa sababu baadaye kilijulikana chote. Mwanamke mmoja wa mji ule, Sachie, mwalimu wa piano, alimwona mzee mgeni amesimama peke yake anatetemeka. Wengine walimpita. Yeye akasimama. Mzee akamwambia, "Suji. Nataka kwenda Suji."

Sachie akauliza, "Uji?"

Maana nje kidogo ya Kyoto kuna mji unaoitwa Uji. Una mto na vilima, na unasifika kwa chai. Lakini mzee alisikia uji, uji wetu huu wa bakulini. Akacheka, akatikisa kichwa kukubali, akainua mkono mdomoni kama mtu anayekunywa. Sachie akafurahi. Ameelewa! Mgeni anakwenda Uji kunywa chai, kama wageni wote. Akaona kadi shingoni. Akamshika mkono, akampitisha langoni, akamfikisha mpaka mlango wa treni, akamwonyesha kiti karibu na dirisha. Treni ilipoanza kuondoka akainama. Mzee naye, ndani, akainama.

Watoto walizunguka kituo kizima wakiita. Polisi wakaja, wakatazama kamera, wakamwona mzee akiingia kwenye treni ya Uji. Wakapiga simu kule, wakatoka kumtafuta kwenye mvua. Giza lilikuwa limeshaingia.

Alipatikana asubuhi, kando ya mto, juu kule ambako vilima vinabana maji. Alikuwa amekaa kwenye benchi. Viatu alikuwa amevivua akavipanga sambamba, kama avipangavyo mlangoni kwake. Daktari alisema baridi ilimwingia na moyo ukasimama.

Sachie alipoona habari kwenye televisheni, alikwenda mwenyewe polisi. Akawakuta watoto wa marehemu wamekaa, kila mmoja kwenye kiti chake, mbali na mwenzake. Akapiga magoti sakafuni. Mkalimani, mama wa Kijapani aliyewahi kuishi Morogoro, alitafsiri. Na Sachie alipojua kwamba Suji ni wapi, na kwamba mzee aliomba kupelekwa kwao, hakuinuka kwa muda mrefu.

Akasema, "Nilimwambia atafika. Niruhusuni nimfikishe."

Wakarudi wote. Ndege, kisha gari kutoka uwanjani, kisha barabara ile ya kupanda mlima, jeneza mbele na Sachie nyuma ameshika kiti kwa mikono miwili.

Nyumbani aliwangoja Kiondo, mdogo wake marehemu. Kaburi lilikuwa limechimbwa, watu wamejaa mpaka migombani. Kiondo aliwaita ndani wale watatu pamoja na Sachie, akafunga mlango.

"Kaka yangu alishuka mlima huu anatembea kwa miguu yake," akasema. "Mmemrudisha kwenye sanduku. Hili si la mila, ni mimi Kiondo ninayesema: aliyempoteza kaka yangu hatashika koleo kwenye kaburi lake. Hatatupa hata punje ya udongo. Sasa nani?"

Nahumu akasema, "Baba mdogo, asikudanganye mtu. Mkunde alimfukuza baba mbele ya umati. Alimwonyesha treni kwa kidole, akamwambia panda."

Mkunde akamgeukia. "Nilisema, ndiyo. Neno la hasira. Lakini baba uliachiwa wewe. Uliambiwa usimwache, ukaenda dukani."

"Nilikwenda kumnunulia yeye!"

"Ulimwacha."

"Nilimwacha nikijua ni mzima! Angekuwa mgonjwa ningemwacha? Nani aliyetuambia ni mzima?"

Wote wawili wakamtazama Nakijwa. Naye alikuwa hajalia tangu Kyoto. Akasema polepole:

"Ni mimi. Dada asingemjibu vile kama angejua. Kaka asingemwacha kama angejua. Nilijua peke yangu, na hata mimi nilikwenda msalani nikamwacha. Lakini baba mdogo, yeye ndiye aliyeniomba. Alinishika mikono. Ningemnyima? Mngemfungia hapa, angekufa anatazama kalenda. Alikumbatia ile nguzo. Nyie mlimwona."

Hakuna aliyebisha, kwa sababu walimwona.

Mkalimani alikuwa kwenye simu kutoka Kyoto, akimtafsiria Sachie yote yaliyosemwa. Sachie akaongea kwa kichwa kilichoinama, nayo simu ikasema kwa Kiswahili:

"Hawa walikosea kabla. Mimi nilimshika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi, niliusikia. Ningeweza kumpeleka kwa wafanyakazi wa kituo. Ningeweza kupanda naye. Lakini nilikuwa na mwanafunzi ananisubiri, na nilikuwa na hakika nimeelewa. Nilifika nyumbani nikamsimulia mume wangu jinsi nilivyomsaidia mgeni. Nilijiona mwema jioni nzima. Wakati huo yeye alikuwa kwenye mvua."

Mkunde akamwambia, "Mama, wewe ndiye pekee uliyesimama."

"Kama nisingesimama," simu ikasema, "angekuwa bado pale kituoni."

Nayo ilikuwa kweli.

Kiondo akavuta pumzi ili aseme. Nakijwa akamkatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

"Na wewe, baba mdogo. Wakati wa mavuno ulikuja hapa, baba akakuita Elinaja, jina la kaka yenu aliyekufa zamani. Akakuuliza kwa nini hukurudisha mbuzi. Ukacheka. Ukaaga ukaenda. Kesho yake hukurudi kuuliza."

Kiondo akakaa kitandani kwa kaka yake. Huko nje kwaya iliimba, na watu walikohoa kwa baridi ya mlima.

"Nilidhani anatania," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo, "Hapana. Sikudhani."

Mtu akabisha mlango. Mchungaji anauliza, wingu limeshuka, watatoka au hawatoki?

Kiondo akainuka. Nje, makoleo yalikuwa yamechomekwa kwenye udongo mwekundu, na wafiwa walikuwa wanangojwa watupe udongo kwanza. Alikuwa ameshasema neno lake, na watu wa nje walikuwa wamelisikia kupitia ukutani. Kulirudisha hawezi, na kulitimiza ni lazima ataje jina. Akawatazama, aliyeficha, aliyetamka, aliyeacha, na aliyesaidia. Akaitazama na mikono yake mwenyewe.

Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosimama migombani siku ile. Nilimwona akitoka mlangoni, wale wanne nyuma yake, na nyuso zao zilikuwa za aina moja, usingejua nani kashitaki na nani kashitakiwa. Alichofanya Kiondo sitawaambia, kwa sababu nusu ya Suji mpaka leo inasema alipatia na nusu inasema alikosea, na wako ndugu hawaalikani harusini kwa ajili hiyo.

Basi niambieni ninyi, mliokaa hapa pakavu na baba zenu wako hai. Jeneza limeshashushwa, mvua imeanza, na koleo liko mkononi mwako. Mwenye kumficha, mwenye kumfokea, mwenye kumwacha, mwenye kumwelekeza, au mwenye kucheka akaenda zake: je, nani alistahili kunyimwa udongo wa Mndeme?