Nani Anamlisha Mize?

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na nyumba!

Na nyumbani mna nani?

Tuambie wewe!

Basi sogeeni niwaambie. Hapo kale, kuku walipokuwa wakiulizwa jambo wakajibu, aliondokea mwanamke mmoja, msusi wa mikeka, jina lake Mwanamvua. Mumewe alikuwa safarini. Mwanamvua alikuwa na mtoto mmoja tu, Mize, ndiyo kwanza anajua kutembea, na akichoka kutembea hutambaa. Jirani yao alikuwa Bi Time, mwanamke asiyejaliwa mtoto, na kila asubuhi hakosi kupita kumjulia hali Mize.

Siku moja Mwanamvua alitoka uani kuanika ukili wa mikeka yake. Kurudi ndani, amkuta Mize kaketi sakafuni, midomo myekundu kama mla tambuu, anatema mate. Akamsukutua kinywa, akamfuta, akajiuliza, "Nani anamlisha mwanangu?"

Siku ya pili akatoka kuchanja kuni. Kurudi ndani, amkuta Mize anakohoa, anakohoa, na pumzi yake yanuka mafuta ya taa. Alikohoa mpaka jua likatua, kisha akatulia. Mwanamvua akajiuliza tena, "Nani anamlisha mwanangu?"

Ndipo moyo wake ulipomwendea Bi Time. Watu husema, asiye na mwana ana kijicho. Mwanamvua hakuuliza wala hakuchunguza. Asubuhi Bi Time alipopiga hodi, Mwanamvua alimwambia asikanyage tena kizingiti kile. Bi Time akajitanda kanga yake, akaondoka.

Siku ya tatu Mwanamvua alitoa mkeka wake, akaketi mlangoni. Anasuka, macho njiani. Anasuka, macho njiani. Anasuka, macho njiani. Hakupita mtu, hakuingia mtu. Mara akasikia Mize anatapika ndani.

Alimkuta amejikunja, kashika tumbo, macho yamemlegea. Mwanamvua akapiga ukelele. Aliyefika wa kwanza alikuwa yule yule aliyefukuzwa. Mwanamvua alitaka kumtia mtoto kidole kooni, lakini Bi Time akamshika mkono.

"Usimtapishe, wala usimnyweshe kitu. Tutazame kwanza kala nini."

Akapapasa sakafuni, akaokota maganda meusi, akayafunga katika pindo la kanga. Mwanamvua akambeba mtoto, Bi Time akatangulia, wakakimbia hadi kwa mganga. Mganga aliyatazama yale maganda, akayanusa. Akasema ni mbono, mbegu ya kukamua mafuta, nayo utamu wake ni kama wa karanga. Kwa kuwa alijua mtoto kala nini, alijua la kufanya. Mize alilala siku tatu hajitambui sawasawa. Siku ya nne akaomba uji.

Hapo Mwanamvua akarudi nyumbani na mtoto wake na swali lake, na sasa lilimwasha zaidi. Mlangoni alikaa mwenyewe. Nani basi aliingia?

Akamwendea kuku. "Kuku, kuku, nani anamlisha mwanangu?"

"Sikuona mtu. Mimi natafuta punje zangu. Niliona magoti mawili yakipita."

Akamwendea paka. "Paka, paka, nani anamlisha mwanangu?"

"Sikuona mtu. Mimi hulala chini ya kitanda. Niliona mkono mdogo ukiingia."

Akamtazama mjusi ukutani. "Mjusi, mjusi, nani anamlisha mwanangu?"

"Sikuona mtu. Lakini nyumba hii ni mbili, Mwanamvua. Moja unaitazama wewe uliyesimama, moja anaitazama mwenzio anayetambaa. Ya pili hujaingia hata siku moja. Piga magoti."

Mwanamvua akapiga magoti, akatambaa. Lo, kumbe nyumba aliyoijenga hakuijua! Chini ya kitanda aliona kata ya nazi, ile anayomnywesha Mize uji, na ndani yake rangi nyekundu ya ukili. Akatambaa. Nyuma ya mlango aliona kibuyu kilichokuwa cha togwa, na ndani yake mafuta ya taa. Akatambaa. Kando ya jiko aliona kitunga cha karanga, karanga zimekwisha, na ndani yake mbono.

Vyombo vyote vitatu Mize alivijua. Vyote alifundishwa na mamake kwamba ndani yake mna chakula.

Mwanamvua akakaa pale pale chini. Akajijibu kwa sauti ndogo, "Mimi ndiye ninayemlisha."

Kisha akainuka. Mbono akazitia ndani ya kasha lenye kufuli. Mafuta akayahamishia kwenye chupa yake, akaifunga kizibo kwa nguvu, akaipandisha darini. Rangi akaitia katika chungu kisichowahi kuguswa na chakula, nacho akakipandisha. Vile vyombo vitatu akaviharibu, maana sumu ikishalala mahali haifukuziki kwa maji.

Likabaki gumu kuliko yote. Akaenda kwa Bi Time, akamkuta anachambua mchele. Akamwambia, "Nilikudhania vibaya, dada. Mkosa ni mimi."

Bi Time aliendelea na mchele wake, akatoa chuya, akatoa chuya, akatoa chuya. Mwanamvua alisimama tu. Mwishowe Bi Time akauliza, "Mtoto amekula leo?"

"Bado."

"Mlete. Na wewe keti, unichambulie huu."

Nanyi mlionisikiliza, shikeni hili: mkono wa mtoto hauchagui, aliyechagua ni aliyeweka. Sumu haina nyumba katika chombo cha chakula, na kabla hujamtafuta mchawi kwa jirani, tambaa kwanza kwako.

Ngano yangu imefika. Ikiwa tamu, iwekeni chini, watoto waifikie. Ikiwa chungu, ipandisheni darini, nami mnishikie ngazi, maana magoti yangu hayataki tena kutambaa.