Saa Mbili ya Nakijwa

"Saa ya mwenzako isome kwa jua lake." Mmeisikia jana mkacheka, leo mnaniuliza ilitoka wapi. Basi sogeeni. Ilizaliwa huku huku kwetu Upareni, na aliyeitamka mara ya kwanza hakukusudia kutunga methali.

Mgeni alifika shuleni wakati hakuna aliyemtazamia tena. Darasa la sita walikuwa wamemngoja tangu asubuhi, sare zimepigwa pasi, hadi wimbo wa kumkaribisha ukawakauka kooni. Sasa walikuwa wanakula makande uwanjani. Gari likasimama, akashuka mwanamke mfupi mwenye mkoba mgongoni.

"Si ndiye yule!" Elieneza, mtani wa darasa, akapaliwa. "Nakijwa, mgeni wako kaja kugombea ukoko!"

Mwanamke huyo alikuwa Bi Sarmila, mwalimu kutoka Nepali. Kwa mwaka mzima darasa lake na darasa la Nakijwa walikuwa wakiandika kitabu kimoja kwa barua, kuhusu jinsi watu wa milimani wanavyogawana maji. Kule chemchemi ilikuwa inapungua na watu wazima wanagombana. Watoto wakauliza: ninyi wenzetu mnafanyaje? Nakijwa, mwandishi wa darasa, akawaeleza habari za ndiva, bwawa la mawe na udongo linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi. Kila siku ni zamu ya shamba moja, na zamu ya mtu haiguswi. Darasa la Nakijwa liliposikia mwalimu wa wenzao anakuja mkutanoni Arusha, Nakijwa akawaandikia kwa Kiingereza chake cha shule: "Aje saa mbili, tutafungua ndiva mbele yake. Naahidi mtayaona maji yakitoka."

Ndiva ilikwisha kufunguliwa. Walisubiri mpaka saa tatu, wakashindwa kumzuia mwenye zamu.

Mwalimu Mgonja, ambaye ndiye aliyekuwa mkalimani, akamuuliza mgeni kwa upole nini kilimchelewesha. Bi Sarmila akashangaa. Akaitoa barua, akanyoosha mkono wenye saa. Mshale mfupi ulikuwa kwenye mbili.

"Anasema hakuchelewa," Mwalimu akatafsiri. "Amefika saa mbili kamili, kama mlivyomwandikia."

"Saa mbili? Si saa nane hii!" Elieneza akasema, na darasa zima likaangua kicheko.

Nakijwa hakucheka. Aliigeuza saa mbili kwa Kiingereza neno kwa neno, akasahau kuwa sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, na wenzetu huanza katikati ya usiku. Asubuhi yake ilikuwa imesomeka mchana.

"Mwalimu, hawezi kulala huku leo?"

"Kesho alfajiri ana ndege. Alitaka kuwarekodia wanafunzi wake tu."

Nakijwa akapandisha mbio kwa mlinzi wa ndiva, Mzee Mbonea.

"Shikamoo, babu. Tunaweza kufungua tena?"

"Marahaba. Yaliyomo hayajafika nusu, mjukuu wangu, na hayo ni ya kesho. Kesho zamu ya nani?"

Nakijwa akainamisha kichwa. "Yetu."

"Basi mimi unaniulizia nini? Muulize mama yako."

Mama alikuwa shambani, akipalilia maharage yaliyokuwa yameanza kutoa maua. Alimsikiliza mpaka mwisho, jembe begani.

"Wiki mbili haya hayajanywa, Nakijwa."

"Niliahidi, mama. Wale watoto wakikosa kuona, watajuaje kama nilisema kweli?"

"Na maharage?"

"Maji yasikofika nitamwagilia kwa ndoo. Mpaka mstari wa mwisho."

"Mto uko bondeni, mwanangu."

"Najua."

Mama akalishusha jembe begani. "Haya, kamwambie mzee nimekubali. Ila kesho usiniletee machozi."

Darasa likampandisha mgeni mpaka ndivani, Mzee Mbonea akachomoa kizibo. Maji yakaruka, yakashika mfereji uendao bondeni, watoto wakakimbia nayo wakishangilia. Jirani wa chini akatoka ndani anapiga kelele: "Nani kafungua? Leo mfereji una wazimu?" Bi Sarmila alirekodi yote, hata huyo jirani, kisha akamshika Nakijwa mikono yote miwili.

Kesho yake maji yalifika nusu ya shamba, yakakatika. Nakijwa akachukua ndoo. Akashuka bondeni, akapanda, akashuka, akapanda. Elieneza alipita njiani akamsalimu, "Hujambo, Saa Mbili?" Nakijwa akapita na ndoo yake kichwani, shingo ikimuuma. Jua lilipoanza kuinama alikuwa amebakiza mstari mmoja. Akashuka tena. Aliporudi, akaumwagilia taratibu, shina kwa shina, ndoo ikaisha kwenye shina la mwisho.

Mama yake, aliyekuwa akimtazama kutoka ukingoni, akamjia na kumpokea ndoo.

"Barua nyingine ukiandika, mwanangu," akasema huku akicheka, "saa ya mwenzako isome kwa jua lake."