Pimbi na Mlango Uliomkataa

— Paukwa!
— Pakawa!
— Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo.
— Na matumbo?
— Hayo hayaachwi nyumbani.

Basi kaeni vizuri. Na wewe unayetafuna karanga huko nyuma, tafuna polepole, maana ngano hii inakuhusu.

Hapo kale alikuwapo Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini mwenye miguu mifupi na manyoya mazito. Enzi hizo alikuwa na mkia, tena mkia mzuri tu. Nyumba yake ilikuwa ufa kati ya majabali mawili, aliyoirithi kwa bibi yake. Haikuvuja, na hakuna mnyama mkubwa aliyeweza kuingia. Uzuri wa mlango wa jiwe ni huo, haubomolewi. Ubaya wake ni huo huo, haupanuliwi.

Mwaka mmoja, msimu wa mavuno, Pimbi akaenda kumtembelea dada yake aliyeolewa kule kwenye mashamba ya viazi. Alisema anakwenda siku tatu, akakaa miezi miwili. Asubuhi viazi, mchana viazi, na jioni dada anasema, "Kwangu mgeni halali na njaa." Pimbi akarudi kwake akitembea na kupumzika, akitembea na kupumzika, akafika mlangoni akajitia ndani, kwaru, kwaru, kwaru.

Kichwa kikaingia. Mabega yakaingia. Tumbo likasema, "Mimi nabaki."

Akasukuma, ng'a. Akarudi nyuma, akaja kwa kasi, ng'a. Akajaribu kwa ubavu, ng'a.

"Kesho naanza," Pimbi akajiambia. "Kesho sili kitu mpaka nipite."

Hiyo kesho ikawa harusi ya Kanga. Harusi ya jirani huendi ukakunja mikono, watasema una kinyongo na bibi harusi. Pimbi akala. Akaanza mara ya pili, akafunga mdomo siku mbili, na siku ya tatu mvua ya kwanza ikanyesha, majani machanga yakachipua mpaka miguuni pake. "Majani ni maji tu," akasema, akayala yale maji mpaka jua likazama. Akaanza mara ya tatu, Kobe akafiwa na mjomba. Pimbi akakaa matangani siku saba, akalia kidogo, akala sana, kwa kuwa msibani, alisema, hakunenepi mtu. Na kila alipourudia mlango wake ilikuwa kwaru, kwaru. Kichwa kikaingia, mabega yakaingia, tumbo likasema, "Mimi nabaki."

Msimcheke. Hapa kila mmoja ana kesho yake.

Siku zote hizo Pimbi alilala kichakani, chini ya jabali, miiba ikimchoma, huku akiutazama mlango wa bibi yake kwa huzuni. Asubuhi moja alikuwa amekwama tena, kichwa ndani, makalio nje, akasikia nyuma yake pumzi yenye harufu ya mifupa ya juzi.

"Hodi, shemeji."

Alikuwa Fisi. Amekuwa shemeji yake kwa ndoa ipi, hakuna aliyejua. Lakini Fisi akitaka kitu huwa na ukoo mkubwa sana.

"Karibu, shemeji," Pimbi akajibu kutoka ndani ya jiwe. "Uniwie radhi, nimekupa mgongo."

Fisi akamshika kiunoni, akamvuta, fyatu, akatoka. Ila hakumwachia. Akamminya ubavuni. Akamminya pajani. Akarudi akamminya tena ubavuni, taratibu, akiwa amefumba macho. Pimbi akautambua mkono ule. Ndivyo watu wanavyomminya mbuzi mnadani.

"Shemeji, umekonda," Fisi akasema. "Sipendi kukuona hivi. Nitakuletea chakula kila asubuhi mpaka mwezi uandame. Mwezi ukiandama nina sikukuu nyumbani kwangu, na wewe lazima uwepo."

Angeweza kumla palepale. Kilichomzuia ni tamaa. Pimbi mnene ni mlo, akawaza, lakini pimbi mnene zaidi ni karamu. Akaenda zake akicheka peke yake, hii, hii, hii.

Pimbi akabaki anawaza. Mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi na mbili kuandama. Kukimbia hawezi, Fisi ana miguu. Kujificha hana pa kujificha ila kwake, na kwake hapapitiki. Akikataa chakula, Fisi atajua kwamba ameshtukiwa, atamla leo. Akikila, ataliwa siku ya mwezi, tena kwa raha zaidi.

Kesho yake Fisi akaja na chungu cha viazi vilivyopikwa kwa karanga. Alikuwa amekiiba bomani kwa watu, kule bondeni. Kulikuwa na tundu kwenye ua wao wa miiba, na wanawake wakienda kisimani asubuhi, Fisi hupenya, huchukua, hutoka. Pimbi akainusa ile harufu ya karanga. Akajiambia ataonja kidogo tu, Fisi asishtuke. Alipoinua uso, chungu kilikuwa kitupu na Fisi alikuwa akimtazama kwa upendo.

Fisi alipoondoka, Pimbi akalia. Hakumlilia Fisi. Alijililia mwenyewe, kwa kuwa mara hii alijua vizuri anachokila na atakayemla, na bado akala. Akalia mpaka akachoka, akajifuta uso kwa mkia wake.

"Nimeshindwa mara nne," akasema. "Ya tano haijanishinda bado."

Ndipo akamkumbuka bibi yake, na desturi ya bibi yake.

Asubuhi ya pili Fisi akaja na chungu. "Kula, shemeji."

"Nitakula, shemeji, niache nini. Lakini wewe ni mkubwa, mila unazijua. Kwetu aletaye chakula huonja kwanza, kutoa sumu. Bibi yangu akisikia nimekula bila kuonjewa, atafufuka anipige."

Fisi akacheka, hii, hii, hii. "Mimi nikutilie sumu wewe?"

Na kweli hakutia. Nani anatia sumu kitoweo chake mwenyewe? Akachukua tonge moja kumridhisha. Viazi hakuwahi kuvila, yeye ni wa mifupa. Lile tonge likagusa ulimi, macho yakamtoka.

"Hapo umetoa sumu ya juu," Pimbi akasema. "Ya katikati je?"

Fisi akaonja katikati, mnya, mnya, mnya.

"Na ya chini? Sumu nzito hutuama, shemeji."

Fisi akaonja chini. Chungu kikabaki na ukoko. Pimbi akala ukoko, akashukuru, akapangusa mdomo kwa adabu.

Ikawa ndiyo desturi. Sumu ya juu, sumu ya katikati, sumu ya chini, mnya, mnya, mnya. Fisi akiondoka, Pimbi anapanda mlangoni, kwaru, kwaru. Siku ya nne tumbo likaingia nusu. Siku ya sita likaingia lote, makalio yakasema, "Sisi tunabaki."

Furaha aliyoipata Pimbi siku ile haina kifani. Akaona si vibaya ajipongeze kidogo. Akaenda kwenye mkuyu, akajipongeza asubuhi, akajipongeza mchana, na siku ya saba tumbo likarudi kwenye maneno yake ya zamani, "Mimi nabaki." Akatukana jiwe. Akatukana mkuyu. Halafu akateremka kumngojea Fisi na chungu chake, akaanza tena mara ya sita, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine ya kufanya ila hiyo au kufa.

Na Fisi? Fisi shavu limejaa, shingo imejaa, tumbo linamtangulia kufika.

"Watu wa bomani wamekuwa na choyo," akalalamika siku moja, akijichomoa miiba mbavuni. "Wameubana ua wao. Zamani nilikuwa napita bila kuguswa."

"Ni ua huo, shemeji," Pimbi akasema. "Wewe huna kosa lolote."

Siku ya mwezi kuandama Fisi akaja mikono mitupu, manyoya ameyalamba yakalala.

"Leo ndiyo leo, shemeji. Twende kwenye sikukuu."

Pimbi alikuwa ametoka kujipima sasa hivi. Tumbo limepita, makalio yamebakiza upana wa kidole. Akaona maisha yake yote yamebaki hapo, kwenye kidole kimoja. Lakini sauti akaishika.

"Twende, shemeji. Ila njia ya kwako ni ndefu, na mimi sijatia kitu tumboni. Nitafika nimekonda."

Neno lile likamchoma Fisi.

"Halafu leo bomani wamepika mbuzi na viazi, harufu inapanda mpaka hapa. Nikipata chungu kile, nitafika kwako nimejaa. Lakini chakula chenye nyama ndicho kinachotiwa sumu zaidi. Ukija kukionjea hapa tutachelewa. Kionje huko huko, kikiwa cha moto. Juu, katikati..."

"Na chini," Fisi akasema. Alikuwa ameshageuka anakwenda.

Akafika uani wanawake wakiwa kisimani. Akapenya tundu kwa taabu, manyoya yakabaki kwenye miiba, akaingia kwa sababu asubuhi ile hajala. Chungu kiko jikoni kinatokota, toko, toko. Akakiipua, akaonja juu. Akaonja katikati. Akaonja chini. Akaona afadhali na ukoko aukague, sumu haina adabu. Alipolamba mara ya mwisho akasikia vicheko vya wanawake wanarudi. Akakimbilia tundu.

Kichwa kikatoka. Mabega yakatoka. Tumbo likasema, "Mimi nabaki."

Wanawake wakaingia bomani wakakuta makalio ya Fisi yako uani mwao na chungu kiko kitupu. Mwenye chungu aliitwa Nyamizi. Hakuuliza kitu. Akatua mtungi, akachukua mchi wa kutwangia mtama. Pu! Wenzake nao wakachukua ya kwao. Pu! Pu! Wakamtwanga Fisi kwa zamu, bila haraka, kwa mwendo ule ule wa kinuni, na ndiyo maana mpaka leo Fisi mbele amesimama, nyuma ameinama. Mwisho ua ukakatika. Fisi akatoka mbio na kipande cha ua kiunoni, na kwa kuwa kipigo hufungua akili, akaelewa yote kwa pamoja. Akapanda jabalini moja kwa moja.

Pimbi akamwona anakuja. Akaukimbilia mlango wa bibi yake, kwaru, kwaru, kwaru.

Kichwa kikaingia. Mabega yakaingia. Tumbo likaingia. Makalio yakaanza kusema, "Sisi tuna..."

Pimbi hakuyangoja yamalize. Akatoa pumzi yote aliyokuwa nayo, ya harusini, ya matangani na ya mkuyuni, akasukuma kwa miguu yote minne. Makalio yakaingia.

Mkia ukasema, "Mimi nabaki."

Fisi akafika, ng'ap!

Ukabaki.

Pimbi akaanguka ndani ya nyumba yake, kwenye vumbi la bibi yake, maumivu yamemshika na machozi yanamtoka, akajua kwamba yuko hai. Nje Fisi alisimama na kipande cha mkia mdomoni.

"Shemeji," Fisi akasema, "toka tuzungumze."

"Onja hicho kwanza, shemeji," Pimbi akajibu. "Utoe sumu."

Mkia ule ndio uzito wa mwisho alioupunguza Pimbi, na ndio pekee ambao haukurudi. Mwingine hurudi kila mavuno. Ukipita majabalini asubuhi utamwona amekaa mlangoni anaota jua. Msidhani anaota jua tu. Anapima. Anaingia, anatoka, anaingia. Akikwama, anateremka chini na kuanza tena, na hahesabu tena ni mara ya ngapi.

Sasa mafunzo, maana ngano bila mafunzo ni kelele. Ngano hii inatufundisha kwamba anayetaka kupungua mwili asikatae chakula hata siku moja. Chungu kikiletwa kipokewe kwa mikono miwili, ila amtafute shemeji wa kukionja. Akikosa shemeji, awe na mkia.

— Hadithi imefika mlangoni.
— Mwembamba apite.
— Na mnene?
— Aanze kesho.

Na hicho chungu mlichokifunika hapo jikoni mkidhani sikioni, kileteni. Msipakue kwanza. Mimi ndiye mkubwa hapa, nitawaonjea. Juu, na katikati, na chini.