Haja Ndogo ya Mfalme

Kabla hujafowadi, soma mpaka chini. Please.

Palikuwa na mfalme hodari wa kuwaambia raia wake "subirini". Raia wote walitii. Kibofu chake tu ndicho kilichomgomea.

Aliyeumia ni Sikudhani, mjane mkulima wa mpunga. Shamba lake lilikuwa limeporwa, na msimu wa kupanda ulikuwa unayoyoma. Kila akisimama barazani kueleza, akifika tu kwenye "na aliyelipora ni...", mfalme huyoo! Kashika kanzu, mbio msalani. Hapo Waziri Tindwa hukunja mkeka. "Baraza limefungwa. Nenda mama, tutakuita."

Tutakuita! Seriously? Sikudhani aliichoka kauli hiyo kuliko njaa yenyewe.

Basi akaja mganga wa tiba ya sindano, zile nyembamba zisizo na dawa, akamdunga mfalme karibu na kifundo cha mguu.

Waziri akaangua kicheko. "Mganga, umepotea njia? Ugonjwa uko kibofuni, wewe uko mguuni!"

"Mshipa wa fahamu unaopita hapa hupeleka habari hadi ubongoni," mganga akajibu. "Ubongo ndio unaokiambia kibofu: subiri. Wa mfalme umeisahau kazi hiyo, nami naukumbusha."

"Yaani ubongo wa mfalme umelala?"

"Hilo umesema wewe, mheshimiwa."

Akawa anamdunga hivyo juma hadi juma. Sikudhani, ambaye hakuna aliyemwita, akajirudisha mwenyewe barazani. Akaanza yale yale, akafika pale pale: "Na aliyelipora ni..." Akanyamaza kwa mazoea, akingoja mfalme akimbie.

Mfalme hakutikisika. "Endelea, mama. Ni nani?"

Kabla hajajibu, mtu akashika kanzu, akainuka mbio. Si mfalme. Ni Waziri Tindwa, jasho linamchuruzika.

"Mtukufu, naomba ruhusa. Nina haja ndogo."

Baraza zima likageuka kumtazama.

"Kaa," mfalme akasema. "Mganga! Bado una sindano?"

Sikudhani akamwangalia waziri anavyojinyonganyonga, miguu kaibana. Akamwambia taratibu, "Subiri, mheshimiwa. Tutakuita."

Kisha akamtaja. Shamba likarudi kwake, na mpunga ukapandwa msimu huo huo.

Funzo: Haja ndogo ya mkubwa isizuie haja kubwa ya mdogo, na anayekuambia "tutakuita" kila siku, mchunguze vizuri, huenda ndiye anayelima shamba lako.