Tangi Lisilopumua

Wapendwa, kabla sijasema neno lolote juu ya mioyo yetu, nawaomba tutoke humu kwa fikra na kushuka mpaka ufukweni. Pale kuna boti ya abiria, mojawapo ya zile zinazohudumia vijiji vya ziwani ambavyo gari halifiki. Wenye boti hiyo ni ndugu wawili, tumbo moja. Mkubwa ndiye nahodha. Hukaa nyuma, mkono kwenye usukani wa mashine, tangi la mafuta likiwa chini ya kiti chake. Mdogo hupanga mizigo, huwapokea watoto kutoka mikononi mwa mama zao, na kila asubuhi huenda kununua petroli, akaikoroga na oili kama mashine ile inavyotaka, kisha akaimimina tangini. Mmoja haiwezi boti bila mwenzake. Hakuna aliyewahi kufikiri ingekuwa vinginevyo.

Nitawasimulia mambo yaliyowapata kwa mpangilio wake, na nawaomba msiuruke mpangilio huo, kwa kuwa kosa lenyewe limejificha ndani yake.

Jambo la kwanza lilikuwa dhoruba. Iliwakuta wakiwa karibu na nyumbani, mvua na mawimbi kwa pamoja, maji yakipanda ubavuni na kuingia ndani. Nahodha alifanya kile ambacho nahodha mwema hufanya. Alimkabidhi mdogo wake usukani, akafunika mizigo kwa turubai, akafunga kila kilichoweza kuingiza maji, akawatuliza abiria. Walifika salama. Mama mmoja alimshika mkono akamwambia, "Mungu akutunze, baba, umetufikisha." Alistahili shukrani ile, wala siiondoi kwake.

Kuanzia safari iliyofuata, mashine ikaanza ugonjwa. Iliwaka vizuri asubuhi, ikatoka bandarini kwa nguvu, na walipofika kina kirefu ikapunguza sauti, ikakohoa, ikazimika. Nahodha alivuta kamba ya kuwashia mpaka bega likauma. Kimya. Boti ikawa inaelea, na abiria, kama mnavyowajua abiria, hawakukosa la kusema.

"Nahodha, tumefika?" akauliza mzee mmoja mwenye kuku wawili mapajani. "Maana naona tumesimama."

"Angetuambia mapema tubebe makasia," akasema mwingine.

"Makasia ya nini? Teremkeni msukume."

Nahodha alicheka pamoja nao siku ile. Siku zilizofuata hakucheka. Sasa tazameni jinsi alivyoutafuta ugonjwa, maana hakuwa mvivu wala mjinga. Aliwaza kwamba maji ya dhoruba yameingia kwenye mashine, basi akaifungua, akaikausha, akabadilisha plagi. Ikazimika palepale. Akashuku uchafu, akasafisha chujio na kabureta. Ikazimika. Akashuku mpira unaopeleka mafuta, akanunua mpya. Ikazimika. Hatimaye akaibeba mashine peke yake mpaka kwa fundi mjini. Fundi aliifunga kwenye pipa la maji, akaiunganisha na tangi lake mwenyewe la karakana, na mashine ikanguruma mchana mzima bila kukohoa hata mara moja.

"Hii haina ugonjwa," fundi akasema. "Labda unapokwenda kuna jini."

Nahodha alirudi nyumbani bila kucheka mzaha huo, akawaza hivi: mashine ni nzima, mpira ni mpya, plagi ni mpya. Kilichobaki ni mafuta. Na mafuta hununuliwa na nani?

Hapo, wapendwa, ndipo alipoanza kunusa.

Kila mashine ilipozimika, aliinama chini ya kiti, akafungua kifuniko cha tangi, akaweka pua kwenye mdomo wake, akanusa. Alikuwa akitafuta harufu ya mafuta ya taa. Aliwahi kusikia kwamba wapo watu wanaouza petroli kidogo pembeni na kujazia kwa mafuta ya taa, na alilitikisa tangi lile kama mtu anayetikisa mfuko wa mshukiwa. Kisha akafunika, akavuta kamba. Na mashine ikawaka.

Naomba tutulie hapo. Aliponusa, mashine iliwaka. Alipokaa bila kunusa, ilizimika. Je, hakuwa na ushahidi? Mngekuwa ninyi mmekaa nyuma ya boti ile, mngewaza nini? Yeye aliwaza kwamba uchafu wa ndugu yake hutuama chini, na kwamba anapolitikisa tangi uchafu unachanganyika na petroli, mashine ikakubali kwa muda. Hoja ilikaa sawa kabisa. Kadiri alivyomshuku ndivyo alivyofungua kifuniko mara nyingi zaidi, na kadiri alivyofungua ndivyo mashine ilivyomwonyesha kwamba ana haki ya kushuku.

Mdogo aliuona mkono ule ukienda chini ya kiti. Aliuona mara ya kwanza akadhani kaka yake anaangalia kiasi cha mafuta. Aliuona tena, akaelewa. Alianza kuchelewesha salamu za asubuhi, na aliporudi na petroli aliiweka mbali kidogo na kaka yake, kama mtu anayetua mzigo wa mtu asiyemjua.

Ikafika siku walipozimikiwa mara kwa mara njiani wakiwa na watu waliokuwa wakipeleka maiti kuzika kijijini kwao. Jua lilipanda, jeneza likiwa katikati ya boti, na waombolezaji wakikaa kimya mno. Walipofika, ndugu wa marehemu walikuwa wamesimama ufukweni muda mrefu. Nahodha aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani, na aibu ile ilitafuta mahali pa kutua. Ikatua kwa aliyekuwa karibu.

"Waambie watu hawa," akamwambia mdogo wake mbele ya wote, "waambie unachotia kwenye tangi."

"Petroli na oili, kaka. Kama siku zote."

"Kila ninapofungua kuangalia uchafu wako, mashine inawaka. Kwa nini?"

"Sijui, kaka."

"Hujui."

"Nusa tena, basi. Nusa sasa hivi mbele yao."

"Nimeshanusa vya kutosha."

Mdogo aliwatazama waombolezaji, akaona wengine wakiangalia chini. Akavua koti la mvua, lilikuwa la boti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya mizigo. Hakurudi na boti siku ile. Alivuka kwa mtumbwi wa watu wengine kwenda kijiji cha upande wa pili, kwa dada yao, akaanza kazi ya kukamua mawese.

Nahodha akabaki na boti peke yake. Asubuhi iliyofuata alinunua petroli mwenyewe, akachagua duka mwenyewe, akakoroga oili kwa mikono yake, akamimina, akafunika. Akatoka bandarini akiwa na hakika. Na kwenye kina kirefu, mahali palepale, mashine ikapunguza sauti, ikakohoa, ikazimika.

Mkono wake, kwa mazoea, ukaenda chini ya kiti. Akafungua kifuniko. Akainama anuse.

Lakini safari hii alikuwa akimnusa nani?

Alibaki ameinama vile, na kwa kuwa sasa hapakuwa na mtu wa kumnusa, masikio yake yakapata nafasi ya kusikia. Alisikia tangi likivuta pumzi. Sauti ndogo, kama ya mtoto aliyelia sana kisha akanyamaza. Sauti hiyo ilikuwapo kila mara alipofungua. Ilikuwapo siku zote alizokuwa akiinama. Alifunika, akawasha, akaenda mpaka ikazimika tena, akafungua tena. Tangi likavuta pumzi tena. Ndipo akakitazama kifuniko. Juu yake, kama mnavyojua ninyi wenye boti, kuna skrubu ndogo ya hewa. Ikilegezwa, hewa huingia tangini kushika nafasi ya mafuta yanayotoka. Ikifungwa, tangi hukosa pumzi, hushika mafuta yake, na mashine hufa kwa kiu huku tangi limejaa. Skrubu ile ilikuwa imekazwa mpaka mwisho.

Na vidole vyake vikakumbuka kabla ya kichwa chake. Siku ya dhoruba. Maji yakipanda ubavuni. Alifunga kila kilichoweza kuingiza maji.

Ilikuwa skrubu. Aliilegeza kwa vidole viwili, wapendwa, bila hata bisibisi. Mashine ikawaka na kunguruma mpaka bandarini, na mwanamume yule alilia njia nzima, abiria wakidhani ana msiba.

Siku ya pili alivuka kwenda kwa mdogo wake. Alimkuta amepaka mawese mpaka viwikoni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mashine imepona."

"Ilikuwa na nini?"

"Skrubu ya kifuniko. Niliifunga mimi, siku ile ya dhoruba. Sikuifungua."

Mdogo akasema, "Nakumbuka. Ulinipa usukani."

"Nimekukosea, mdogo wangu. Nimekukosea mbele za watu, na mbele za watu nitasema hivyo. Rudi tufanye kazi."

"Nilikusamehe siku ileile, kaka, kabla sijafika huku. Ningeshindwa kulala kwa dada nikiwa na neno lako moyoni." Alijifuta mikono polepole. "Lakini kwenye boti siwezi. Siku moja mashine itakohoa, maana mashine hukohoa. Na mimi sitaangalia mashine. Nitaangalia mkono wako, kama unakwenda kwenye kifuniko."

Alimpa chai. Alimtolea chupa ya mawese ampelekee shemeji. Alimsindikiza mpaka majini, akaisukuma boti kwa mkono kama zamani. Na nahodha alirudi peke yake. Njia nzima alitamani mashine izimike, apate sababu ya kugeuka nyuma. Haikuzimika.

Sasa tuache ufukwe, turudi hapa tulipoketi.

Sisi nasi tuliwahi kufunga kitu siku ya dhoruba. Mwaka ule wa msiba, au wa usaliti, au wa ugonjwa, tulikaza mahali fulani ndani yetu ili maji yasiingie, na tulifanya vema, tusingekaza tungezama. Simlaumu mtu kwa skrubu aliyoifunga wakati wa mawimbi. Nauliza jambo jingine: dhoruba ilipopita, nani alikumbuka kuilegeza? Tunaishi kwenye maji matulivu na nyumba zetu zinazimika katikati ya safari. Ndoa inakohoa. Mtoto tuliyezoea kucheka naye anajibu kwa neno moja. Na sisi, kwa uangalifu wote wa yule nahodha, tunabadilisha plagi, tunanunua mpira mpya, tunakwenda mbali kutafuta mafundi. Tunachunguza kila kitu kilichoguswa na mkono wa mwingine. Kilichoguswa na mkono wetu tunakiruka.

Halafu tunainama kunusa. Na jambo la kutisha katika kunusa ni kwamba hutupa majibu. Tunamchunguza mke, anakuwa na wasiwasi, tunasema: mnaona? Tunamvizia mfanyakazi, anajificha, tunasema: nilijua. Hatutambui kwamba ni mkono wetu kwenye kifuniko unaoyaleta hayo tunayoyaita ushahidi.

Ningependa kuwaambia kwamba toba hurudisha vyote. Mungu husamehe, na yule mdogo alisamehe, upesi kuliko tunavyosamehe wengi wetu. Lakini msamaha ulimrudishia kaka ndugu wa kunywa naye chai. Haukumrudishia ndugu wa kukaa naye botini. Kuna vitu hupona kwa vidole viwili, na kuna vitu, vikishanuswa mbele ya watu, haviponi kwa urahisi huo.

Kwa hiyo sitawaomba leo mwende kumsamehe mtu. Wengi wenu mnalijua hilo na mmelifanya. Nawaomba kitu kidogo zaidi, na cha mapema zaidi. Katika benchi ulilokaa, au katika nyumba uliyotoka asubuhi hii, yupo mtu ambaye bado hajavua koti lake. Bado anapakia mizigo yako. Bado anakuamkia, ingawa anachelewa kidogo. Ameshaanza kutazama mkono wako.

Uondoe mkono huo kwenye kifuniko angali anautazama. Kisha tusimame, tuombe.