Goti la Subilaga

"Kuruka si kazi, kazi kutua." Ndivyo alivyowaambia kocha wenu leo, nanyi mmerudi mmenuna, mnaniuliza eti maneno hayo ameyatoa wapi. Kaeni basi. Wewe Lugano, weka huo mpira chini kabla hujanivunjia chungu. Maneno hayo hayakutoka mbali. Yalizaliwa huku huku milimani, katika shamba la chai nilimochuma ujana wangu wote, na yalizaliwa kwa sababu ya goti la mtu mmoja.

Shamba lile lilikuwa na sehemu mbili, ya Juu na ya Bondeni, na kila sehemu ilikuwa na timu yake ya netiboli, wachumaji watupu, wanawake. Kila mwaka chai ilipopungua tulikutana uwanjani. Mechi hiyo ilishinda harusi, wajukuu zangu. Siku hiyo waume zetu ndio walioshika miiko, wakatupikia wali wenye mawe, nasi tukala na kushukuru.

Mlinzi wetu wa goli, sisi wa Juu, alikuwa rafiki yangu Subilaga. Alikuwa mrefu huyo, angepaka dari chokaa bila ngazi. Alikuwa akiishi na mama yake, wawili tu, na walivyopendana walikuwa wakigombana kutwa. Netiboli ndiyo iliyokuwa furaha yake. Siku moja tukichuma aliniambia, "Sekela, nikiwa hewani nasahau hata njaa."

Mwaka mmoja tukaletewa mwalimu wa michezo, kijana mpole aliyeitwa Ambakisye. Tukajua sasa tutafundishwa kuruka mpaka mawinguni. Lo! Akaja na kigoda. Akatutaka tupande, tushuke, tupande, tushuke.

"Tueni kwa miguu miwili," alisema. "Kunjeni magoti, wala yasiingie ndani. Nisisikie kishindo."

Watoto wa shamba walikusanyika kutucheka. Subilaga akashindwa kuvumilia. "Mwalimu, sisi si kuku wa kufundishwa kushuka kichanjani!" Tukaangua kicheko, na mwalimu mwenyewe akacheka, lakini kigoda hakukiondoa.

Sasa sisi wachumaji tulikuwa na imani yetu: mzigo hujenga mguu. Ukizoea kuruka na kikapu mgongoni, tulisema, siku utakayokivua utaruka kama panzi. Basi Subilaga akaacha mazoezi ya kigoda. Kila jioni, akishatoka kupima chai, anakijaza kikapu udongo, anakivaa, anaanza kuruka nyuma ya nyumba. Mwili umechoka tangu asubuhi, misuli hajaipasha moto hata kidogo, na anatua miguu imekakamaa. Tuu! Tuu! Mama yake alikuwa akipiga kelele kutoka jikoni kwamba sufuria zinaanguka.

Goti likaanza kumuuma. Akalifunga kitambaa. "Hiyo ni nguvu inaingia," akaniambia.

Mwalimu Ambakisye alikiona kile kitambaa. "Dada Subilaga, goti likisema, lisikilize. Pumzika kwanza."

"Goti ni langu, Mwalimu," alijibu, naye akaondoka zake akijitahidi asichechemee.

Siku ya mechi ikafika. Mpira mmoja ulirushwa juu kweli kweli, wafungaji wa Bondeni wakaunyooshea mikono, na Subilaga akaruka. Jamani, aliruka! Uwanja mzima ulipiga vigelegele akiwa bado yuko juu. Akaudaka. Kisha akashuka kwa mguu mmoja, umenyooka kama mchi, kiwiliwili kimegeukia kwingine, na goti likaingia ndani. Nilikuwa karibu, nikasikia mlio wake. Hata leo sipendi kuukumbuka.

Tulimpeleka zahanati kwa machela. Mganga akasema kano imechanika, haikukatika yote, namshukuru Mungu. Apumzike miezi. Akirudia kuruka vile, alisema, atachechemea maisha yake yote.

Nilikuwepo nyumbani kwao jioni ile. Subilaga alilia mpaka mto ukalowa. "Mama, mimi nimekwisha. Na niliruka kuwashinda wote! Uliniona?"

"Nilikuona," mama yake akajibu. "Mwewe mwenyewe angekuonea wivu. Haya niambie, na kutua ulituaje?"

Subilaga akalivutia goti shuka, akalifunika.

"Mwanangu, kuruka si kazi, kazi kutua. Huko juu unakwenda kutembea tu. Hapa chini ndipo unapokaa, na mimi ndipo nilipo." Akageuka, akajifanya anakoroga uji.

Mganga alipomruhusu kuanza mazoezi, Mwalimu Ambakisye alibisha hodi, kigoda mkononi. Subilaga akafunika uso kwa kanga. "Umekuja kunicheka."

"Nikikucheka, mama yako atanipiga mwiko."

Wakaanza chini kabisa. Kukaa na kuinuka. Kusimama kwa mguu mmoja ameshika ukuta. Goti likisema, wanaacha mpaka kesho. Baadaye ndipo akapanda kigoda na kushuka, na safari hii sote tulipanga foleni nyuma yake, misuli tumeipasha moto kwanza, na hakuna aliyetaja kuku. Mama yake alikaa kando akichambua maharage, masikio wazi. "Nimekusikia! Hicho ni kishindo! Rudia!" Maskini, alikuwa mkali kuliko mwalimu.

Mwaka uliofuata tukarudi uwanjani. Dakika za mwisho, Bondeni wametutangulia kwa goli moja, mpira ukaja juu, juu kabisa. Subilaga akaruka. Uwanja wote kimya. Hakuna aliyepiga kigelegele, hakuna aliyeita jina lake. Mama yake alikuwa amesimama, mikono mdomoni. Wapishi wetu wameacha wali uungue.

Akatua. Miguu miwili, magoti yamekunjika, taratibu, hata vumbi halikutimka. Akanirushia mpira.

Hapo ndipo vigelegele vilipolipuka! Hata Bondeni walipiga, wapinzani wetu! Na yule mama akaingia uwanjani mbio, mechi inaendelea, akapiga magoti mbele ya bintiye na kulikumbatia lile goti. Mwamuzi alipuliza filimbi mpaka akachoka. "Mama, tunacheza!" Subilaga alisema, huku machozi yanamtoka na yeye.

Mnauliza kama tulishinda? Tulishindwa kwa goli lile lile moja, na hakuna aliyejali. Subilaga alipanda kilima mpaka nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, mimi na mama yake tunahema nyuma.

Tangu siku ile, huku kwetu hatumpigii mtu vigelegele akiwa hewani. Tunamngoja. Kuruka si kazi, wajukuu zangu. Kazi kutua.