Sultani Amnunua Babu Yake

Hapo zamani, enzi za mababu wa mababu zetu, katika mji wa Kirongwe alikuwako sultani aitwaye Mwinyi Hatimi. Alirithi picha ya babu yake, Bwana Shekue, iliyochorwa kwa rangi ya mafuta na mchoraji mgeni: mzee wa kilemba na jambia, uso umekunjamana kama aliyeonja ndimu.

Basi Sultani akaitundika barazani, akatoa amri: "Huyu ndiye babu yangu hasa. Kila apitaye na apige goti amwamkie. Asiyefanya hivyo atatozwa mbuzi." Ikawa watu wanapiga magoti juani na mvuani, na mbuzi wa mjini wakazidi kuhamia zizi la Sultani.

Mjini humo aliishi fukara mmoja, jina lake Pandu, asiyekuwa na mali ila ulimi wake. Siku moja mkewe, Mwanajabu, alipita barazani na mtungi wa maji kichwani, asiweze kupiga goti. Mbuzi wao wa pekee, aliyewapa watoto maziwa, akachukuliwa. Pandu akaenda kulalamika. Sultani akamjibu, "Babu yangu amevunjiwa heshima, nami nifanyeje?"

Hata rangi ya picha ilipoanza kubanduka, Sultani akaichoka, akataka iuzwe mnadani apate pa kutundika picha yake mwenyewe. Lakini nani atie nyumbani mwake kitu kinachokula mbuzi? Madalali wote wakajitia wagonjwa. Ndipo Sultani akamwita Pandu.

"Pandu, nasikia mdomo wako waweza kumuuzia bata maji. Ijumaa baada ya sala utainadi picha hii. Ukipata bei isiyopata kusikika, nitakutunza. Ukikosa mnunuzi, utahama mji huu wewe na wanao."

Mwanajabu aliposikia hayo akaanza kufunga vyombo huku akilia.

"Vifungue, mke wangu," akasema Pandu. "Mnunuzi ninaye."

Ijumaa uwanja ukafurika. Sultani akaketi pamoja na kadhi. Pandu akaipigia picha goti, akaiamkia, kisha akainuka na kupaza sauti:

"Haya, waungwana! Nani atamnunua mzee huyu? Ni babu wa Sultani wetu! Hali, halali, hakohoi! Meno hayaonekani, lakini yamo!"

Watu wakapigwa na butwaa. Mchuuzi mmoja wa punda akauliza, "Aweza kuchota maji?"

"Ukimnunua ni wako, mtume utakapo!"

"Basi natoa mzigo wa majani!"

"Mzigo wa majani! Nani azidishe? Bwana Shekue anakwenda kwa mzigo wa majani!"

Sultani akaruka kitini. "Pandu! Wamnadi babu yangu kama punda?"

"Maulana, si wewe uliyeniamuru?"

"Nilikuamuru uuze picha!"

"Ikiwa ni picha, bwana wangu, mke wangu hakumvunjia mtu heshima, na mbuzi wa watu walichukuliwa kwa haki gani? Na ikiwa ni babu yako hasa, kama ilivyo amri yako, mimi natimiza neno lako. Niambie basi, nimnadi yupi?"

Kadhi akajifunika uso kwa ukingo wa joho, mabega yakimtikisika. Sultani akatazama kulia, akatazama kushoto, asione njia. Na mchuuzi wa punda alikuwa ameshaanza kukunjua kamba.

"Nanunua mimi!" akanguruma Sultani.

"Kwa bei gani, Maulana?"

"Sema wewe!"

"Mbuzi wote waliotozwa warudi kwa wenyewe, na amri ya kupiga goti ife leo."

Sultani akamwangalia babu yake, na babu akamkazia macho vilevile. Hapo kicheko kikamtoka Sultani tumboni, akacheka hata kilemba kikaanguka. "Mwanaharamu we! Umeniuzia mali yangu mwenyewe kwa bei isiyopata kusikika!" Akamtunza Pandu jora la kitambaa na gunia la mchele, akaitia picha kwapani, akaenda nayo kwake kwa miguu.

Jioni Mwanajabu alikuwa akipepeta mchele ule. Akamwuliza mumewe, "Na kama Sultani angekataa kununua?"

Pandu akajinyoosha mkekani. "Ningemleta mzee hapa. Ila sijui tungemlaza wapi mtu mkubwa kama yule, nasi hatuna hata kitanda."